Tai wa Kaskazi: Siku Saba kutoka Maskati hadi Salalah

Nilizaliwa Kondoa, na utotoni kila ndege mkubwa mwenye mdomo wa ndoana tulimwita mwewe. Mvua za kwanza zikishalowesha ardhi na kumbikumbi wakaanza kutoka, ndege wakubwa wa kahawia walitua katika shamba la babu, wakawa wanatembea kwa miguu kama kuku huku wakidonoa kumbikumbi mmoja mmoja. Sisi watoto tuliamriwa tuwafungie vifaranga, ingawa sikumbuki hata siku moja ndege hao kugusa kifaranga cha mtu. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba huyo alikuwa tai wa nyika, Aquila nipalensis, anayezaliwa katika nyanda za Kazakhstan, Urusi na Mongolia, akazikimbia theluji na kushuka kusini. Wengi wao huingia Afrika kwa kuvuka Mlango wa Bab el-Mandeb, ule mkondo mwembamba wa bahari kati ya Yemeni na Jibuti, ambako mwaka 1987 walihesabiwa zaidi ya tai 70,000 katika msimu mmoja wa kuhama. Wengine hukomea Uarabuni, na Omani ni mojawapo ya nchi wanazokusanyika kwa wingi wakati wa baridi. Ami yangu anaishi Maskati, kwa hiyo mwezi wa Januari, upepo wa kaskazi ukiwa umeshika, nilikwenda kuwatazama huko wanakotulia, nikiwa na darubini ya 8x42, teleskopu ya miguu mitatu na daftari.

Siku ya kwanza: Al Amerat

Tulitoka nyumbani saa moja asubuhi, ami akiendesha, tukapanda barabara inayokata milima na kuteremkia Al Amerat. Mji huu uko nyuma ya Maskati, na taka za jiji hupelekwa upande wake. Kuingia jaani hakuruhusiwi bila kibali, nasi hatukuwa na haja ya kuingia, kwa kuwa vilima vya jirani na nguzo za umeme zilikuwa zimejaa ndege.

Wa kwanza kutambulika walikuwa tumbusi wa Misri, ambao Waomani huwaita rakhma. Kumtambua aliyekomaa hakuhitaji darubini ya bei: mwili mweupe uliochafuka kidogo, uso wa manjano usio na manyoya, manyoya marefu ya mabawa meusi, na mkia uliochongoka kama kabari. Mkia huo ndio shahidi wa kuaminika, kwa sababu kinda wa ndege huyu ni wa kahawia iliyokolea mwili mzima na hubadilika kuwa mweupe polepole, kwa muda wa miaka kama mitano. Mtu anayetegemea rangi atamwona kinda huyo na kumwandika tai. Nami nilimwandika hivyo mara mbili kabla ya saa tatu, kisha alipogeuka dhidi ya anga nikaona kabari ya mkia, nikafuta.

Ndege huyu amepungua vibaya katika sehemu nyingi za dunia, na huko India dawa ya mifugo ya diklofenaki iliangamiza tumbusi wa aina kadhaa waliokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwayo, hata serikali ikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Omani ni miongoni mwa mahali ambapo bado wapo wengi, na kisiwa cha Masirah kinajulikana kwa wingi wa jozi zinazotaga huko. Kuwaona thelathini na wawili juu ya kilima kimoja, wakikunjua mabawa ili jua liyapashe moto, kulinifurahisha kuliko nilivyotarajia.

Ami alitazama kwa macho matupu, akasema, "Mwanangu, hawa wote mwewe tu." Nilimjibu, "Nipe siku chache, ami."

Siku ya pili: Al Amerat tena

Nilirudi palepale kwa makusudi, kwani kumtambua tai kunataka kumtazama ndege mmoja kwa muda mrefu. Asubuhi ya baridi tai hukaa chini au juu ya nguzo mpaka hewa ya moto ianze kupanda, kwa kawaida kama saa tatu au saa tatu na nusu, na kipindi hicho cha utulivu ndicho darasa lenyewe.

Niliweka teleskopu juu ya tai mmoja aliyetua mwambani, hatua zisizozidi mia kutoka kwenye gari letu, na hatukufungua mlango, maana ndege huvumilia gari lakini hawamvumilii mtu anayetembea. Nilitazama pembe ya mdomo wake. Huko taya mbili zinakokutana kuna ukingo wa ngozi ya manjano, mnene kama mdomo wa kifaranga, unaokwenda nyuma kupita chini ya jicho. Kwa tai wa nyika ukingo huo hufika usawa wa ukingo wa nyuma wa jicho, na kumfanya aonekane kama anayetabasamu. Kwa tai mkubwa wa madoa, Clanga clanga, ukingo huo huishia chini ya katikati ya jicho. Tundu la pua nalo lina habari yake: kwa tai wa nyika ni refu kama yai lililolala, na kwa tai wa madoa ni la mviringo. Ni mambo madogo, yanahitaji mwanga mzuri na ndege aliyetulia, lakini hayabadiliki kwa umri wala kwa jua kali, ilhali rangi ya kahawia hufifia miezi inavyokwenda mpaka manyoya mapya yakaota.

Baada ya mdomo nilijifunza umri, na hapo ndipo mtu anapopaswa kukaza macho. Tai wa nyika wa mwaka wa kwanza ana utepe mpana mweupe unaopita katikati ya bawa upande wa chini, na ukingo mweupe nyuma ya bawa lote, ulionyooka kana kwamba umekatwa kwa mkasi, kwa sababu manyoya yake yote yaliota pamoja kiotani. Wa mwaka wa pili na wa tatu bado ana utepe huo lakini umekatikakatika, na ukingo wa bawa lake una mapengo, maana manyoya mapya yenye weusi yamechanganyika na ya zamani yaliyochakaa. Aliyekomaa amepoteza utepe, manyoya yake ya kurukia yana mistari ya kijivu na ukingo mweusi, na wengi wao wana baka la rangi ya kutu kisogoni. Kwa hiyo aina moja ya tai huonekana kana kwamba ni aina nne, na anayeanza kwa kuuliza rangi kabla ya kuuliza umri atazunguka kutwa nzima.

Mpaka adhuhuri nilikuwa nimeandika tai wa nyika arobaini na saba, na wengine tisa nikaandika "tai, aina haikutambulika." Sikuona haya kuandika hivyo, kwani hesabu iliyojazwa kwa kubahatisha haimsaidii ndege wala mtu atakayeisoma.

Siku ya tatu: njia ya Haima

Kutoka Maskati hadi Salalah ni karibu kilomita 1,000, na sehemu kubwa ni jangwa tambarare la changarawe. Tulipita Adam, kisha barabara ikanyooka bila kona. Nguzoni tuliona kozi wadogo wa rangi ya matofali wawili au watatu, mmoja akiganda hewani juu ya majani makavu huku mkia wake umekunjuliwa kama kipepeo cha mkono. Tulimwona pia jamaa wa shakivale, Buteo rufinus, mwenye mkia wa rangi ya mdalasini usio na mistari na baka jeusi kwenye kifundo cha bawa.

Mbele kidogo, tukiwa bado hatujafika Haima, ami alipunguza mwendo. Chini ya nguzo ya umeme kulikuwa na tai amelala.

Alikuwa wa nyika, wa mwaka wa kwanza, na hakuwa amekufa siku nyingi. Nilichuchumaa karibu naye. Lile nililokuwa nikilitafuta kwa teleskopu sasa lilikuwa kiganjani: ukingo wa manjano wa mdomo ukipita jicho, tundu la pua refu, miguu iliyovikwa manyoya hadi mwanzo wa vidole. Nilipolikunjua bawa moja, utepe mweupe ulitokea wote, safi kabisa, bila unyoya hata mmoja uliobadilishwa. Ndege huyu alikuwa ametoka kiotani kiangazi kilichopita, akasafiri maelfu ya kilomita katika safari yake ya kwanza. Kwenye kifundo cha bawa la kulia manyoya yalikuwa yameungua na kujikunja, na ukucha mmoja ulikuwa umepasuka. Juu ya nguzo nyaya zilikuwa zimefungwa karibu na mkono wa chuma, na tai ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita mbili hugusa viwili hivyo kwa pamoja wakati wa kutua. Kifo cha namna hii ni miongoni mwa sababu kubwa za kupungua kwa tai wa nyika, ambaye tangu mwaka 2015 amewekwa katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka. Dawa yake inajulikana na si ghali mno: waya ulio karibu na mkono wa nguzo uvikwe mpira, au nguzo ipewe mahali pa kutua palipo mbali na nyaya. Waliosimamisha mstari ule hawakufanya lolote kati ya hayo mawili.

Nilipiga picha, nikaandika mahali na saa, nikapeleka taarifa. Ami alichukua jiwe bapa akaliweka kando yake, kwa nini sikumuuliza. Tuliendelea na safari bila mazungumzo mengi mpaka Thumrait, ambako jangwa linakwisha na barabara inaanza kushuka milima kwenda pwani.

Siku ya nne: Khawr Rori

Pwani ya Dhofar, mkoa wa kusini mwa Omani ulipo mji wa Salalah, ina vihori vingi ambavyo mchanga umeviziba midomo, vikawa mabwawa ya maji ya chumvi kiasi yenye mafunjo kandokando. Khawr Rori ni kikubwa kuliko vyote, na juu yake yako magofu ya Sumhuram, bandari ya kale iliyosafirisha ubani. Maji huvuta bata, bata huvuta wawindaji.

Kipanga wa mabwawa, Circus aeruginosus, alikuwa akipita chini sana juu ya mafunjo, mabawa yameinuliwa kama herufi V, akiyumba huku na huku. Huyu ni jike, wa kahawia iliyoiva mwenye utosi na koo la rangi ya malai. Kila alipokaribia, kuku-maji walikimbilia mafunjo kwa pamoja, hata nikawa najua aliko kwa kuwatazama wao. Koho mla samaki alikaa juu ya mti mkavu akirarua samaki wake, na mstari mweusi unaopita jichoni ukamtambulisha mara moja.

Kisha nikakosea. Juu ya mawe ya ng'ambo alisimama tai wa rangi ya majani makavu, mwenye mabawa ya kahawia iliyokolea. Moyo ulinienda mbio, nikaandika "tai wa kifalme wa mashariki, kinda," na nikamwita ami atazame. Dakika kumi baadaye ndege aligeuka kunikabili na kifua chake hakikuwa na mchirizi hata mmoja. Tai wa kifalme wa umri huo, Aquila heliaca, ana michirizi ya kahawia kifuani inayokatika ghafla tumboni, kama mtu aliyevaa fulana ya mistari. Na akiruka, manyoya ya ndani ya ncha ya bawa hufanya dirisha la mwanga lenye umbo la kabari. Huyu wangu aliporuka hakuwa na dirisha. Alikuwa na mwezi mwembamba mweupe mahali ambapo vidole vya bawa vinaanzia, na mabawa yake yaliinama kidogo alipoelea. Mkubwa wa madoa, basi, lakini wa ile sura adimu iliyofifia, ambayo wataalamu huiita fulvescens. Nilikata mstari wa kwanza daftarini bila kuufuta usisomeke, kisha nikaandika jina sahihi chini yake, kwa sababu nataka mwakani nikumbuke ni nini hasa kilichonipotosha: nilitazama rangi ya mbali na nikaacha kutazama kifua.

Mchana tuliwaona watatu wengine wa aina hiyo, hawa wa kawaida, weusi kama kahawa, mmoja wao kinda mwenye madoa meupe yaliyopangika mabawani kama ushanga. Kwa tai wa madoa, sehemu ya mbele ya bawa upande wa chini ni nyeusi kuliko sehemu ya nyuma. Kwa kinda wa tai wa nyika ni kinyume chake. Nikifanikiwa kuona hilo kwa ndege aliye juu sana, nusu ya kazi imekwisha.

Siku ya tano: Raysut

Magharibi ya Salalah, karibu na bandari, ndiko tai wanakokusanyika kwa ajili ya taka. Tulifika giza likiwa bado halijatoka vizuri, kwa sababu nilitaka kuwahesabu wakiwa wamekaa, kabla hawajapaa na kuanza kuzunguka, maana ndege anayezunguka huhesabiwa mara tatu na mtu asiye mwangalifu. Niliugawa mlima kwa alama nilizozichagua mwenyewe, jabali hili hadi ufa ule, nikahesabu kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kulia kwenda kushoto. Mara ya kwanza nilipata 208, ya pili 214. Karibu wote walikuwa wa nyika, wa kila umri, wameketi kwa safu juu ya kingo za mawe kama watu wanaongoja meli.

Saa tatu na robo wa kwanza alipiga mabawa mara nne akaacha. Hewa ilimpokea. Akafuata wa pili, kisha kumi, kisha mlima mzima ukafunguka, wakazunguka juu yetu kwa mnara mmoja wa ndege uliopanda mpaka walio juu kabisa wakawa nukta. Sauti ya mabawa yao haikusikika hata kidogo. Ami alizima redio ya gari.

Katika mnara ule alikuwamo tai wa kifalme wa kweli, aliyekomaa, mweusi mwenye kisogo cha rangi ya dhahabu na mabaka meupe mabegani, na baadaye kinda wake mmoja mwenye ile fulana ya mistari na dirisha bawani, vyote viwili bila shaka yoyote. Alikuwamo pia tumbusi mkubwa wa Uarabuni, Torgos tracheliotos, ambaye akipita kando ya tai humfanya tai aonekane mdogo: mabawa mapana kama mlango, yanayokaribia mita tatu, na kichwa kipara chenye mikunjo ya ngozi.

Sipendi kwamba ndege hawa wanakula jaani. Kule hupata chakula, lakini hupata pia plastiki, sumu na nyaya, na jaa la wazi si jambo jema kwa watu wanaoishi jirani nalo. Omani imekuwa ikifunga majaa ya zamani na kujenga mapya yanayofukiwa kwa utaratibu, nayo ni kazi nzuri. Hata hivyo ningependa sana wanaoifanya wawahesabu tai kabla na baada, wajue wameelekea wapi, kwani ndege aliyezaliwa Kazakhstan hana namna ya kuarifiwa kwamba mezani pamefungwa.

Siku ya sita: Jabal Samhan

Tulipanda kupita Tawi Atair, shimo la ardhi lenye kina cha zaidi ya mita 200 ambalo jina lake kwa Kiarabu lina maana ya kisima cha ndege, tukafika ukingo wa Jabal Samhan, ambako mlima unakatika wima zaidi ya mita 1,000 juu ya tambarare ya Mirbat. Tulingoja kwa muda wa saa tano kwa ajili ya ndege mmoja.

Alitokea chini yetu. Tai mweusi wa majabali, Aquila verreauxii, hukaa Arabuni mahali pachache tu, lakini ni ndege wa kwetu hasa, wa miamba ya Afrika penye pimbi, na Dhofar nako pimbi wapo. Kwa kuwa tulimwona kutoka juu, tuliona kile ambacho aliye chini hakioni: herufi V nyeupe mgongoni, juu ya mwili mweusi tititi. Mabawa yake ni membamba yanapoungana na mwili na mapana katikati, kama jani la mwembe. Alipita bila kupiga bawa hata mara moja, akazunguka pembe ya jabali, akatoweka. Sidhani kama zilitimia dakika mbili.

Siku ya saba: Raysut, alfajiri

Kabla ya kurudi Maskati niliomba tupitie Raysut mara moja zaidi. Hatukuwa na muda wa kuhesabu. Tai mmoja alikuwa ameketi peke yake juu ya rundo la kokoto, jua limempiga ubavuni, na nikamwekea ami teleskopu bila kusema kitu.

Alitazama kwa muda mrefu, mkono mmoja ukishika kofia isipeperushwe na upepo. "Manjano yanapita jicho," alisema.

"Na bawa, ami?"

"Mpaka aruke."

Tulingoja. Aliporuka, utepe mweupe ulionekana chini ya bawa, mzima, na ukingo wa nyuma umenyooka bila pengo. Ami akachukua kalamu yangu, akaandika mwenyewe daftarini, kwa mwandiko wake wa shule ya zamani ya Unguja: tai wa nyika, mmoja, wa mwaka wa kwanza.